Helmeti Nyeupe

Siku ya nne ya kazi yake ya kwanza, Injinia alimkatisha shemeji yake mguu kwa kunyoosha kidole. Hakushika msumeno wala panga. Alisimama mahali pasipomhusu, kichwani kavaa helmeti isiyomhusu, akanyoosha kidole juu ili simu yake impige picha ya kumpelekea mama. Winchi ikatii kidole.

Aliyemleta kazini alikuwa kaka yake mkubwa. Pale yadini hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na baba yake. Walimwita Koleo, maana alichokishika hakikuchomoka. Alikuwa mfungaji. Kazi ya mfungaji ni kuuzungushia mzigo minyororo, kuikaza, kisha kumpa ishara dereva wa winchi aunyanyue. Aliacha shule akiwa hajaota ndevu, mwaka aliokufa baba yao, akaingia kwenye yadi ile ya vyuma kubeba nondo begani ili mdogo wake abebe vitabu. Hakuwahi kulalamika. Hakuwahi kusahau pia, na mdogo mtu alilijua hilo.

Jina la Injinia alilitoa mama. Alianza kumwita hivyo siku ile ile alipochaguliwa kwenda chuo kikuu, kabla hajakalia hata dawati la huko. Mtaa mzima ukalidaka. Muuza mkaa akimpimia mama alisema, "Huu wa mama Injinia, msiuguse." Siku ya mahafali mama hakumnunulia mwanawe saa wala viatu. Alimnunulia helmeti nyeupe, ile wanayovaa wakubwa kwenye picha za madaraja yanayojengwa. Akaiweka juu ya kabati la vyombo, akaifunika kitambaa cha kufuma, na kila mgeni aliyeingia alifunuliwa kitambaa aione.

Helmeti ikakaa pale inakula vumbi. Injinia alizunguka na vyeti vyake ofisi hadi ofisi mpaka soli za viatu zikaisha upande mmoja. Alitaka meza, kiti cha kuzunguka, na mtu wa kumbishia hodi. Duka moja la mabomba lilikuwa tayari kumchukua ahesabu mabomba yanayoingia na yanayotoka. Alirudi nyumbani jioni ile amevimba kama aliyetukanwa.

"Sikusoma miaka yote ile nije nihesabu mabomba," alisema wakiwa wanakula.

Shemeji alikuwepo. Huyu alikuwa mume wa dada yao, na kazini alikuwa mwenzake Koleo, watu wawili kwa fungu moja la nondo, yeye ncha hii na Koleo ncha ile. Alikuwa mtu wa kucheka, hata vyuma vikimbana vidole alicheka kwanza ndipo akalaani.

"Kahesabu tu, shem," alisema. "Bomba haling'ati."

"Wewe nyamaza. Mbeba vyuma atanifundisha nini kuhusu kazi?"

Kofi la Koleo lilifika kabla neno halijapoa. Injinia alianguka na kiti, bakuli la mboga likamfuata chini. Aliinuka na kisu cha mkate mkononi. Koleo akamdaka kifundo, akakikunja mpaka kisu kikaanguka, akaendelea kukikunja hata kisu kilipokwisha kuanguka, macho yake yametulia kama anakaza mzigo. Shemeji ndiye aliyemvuta kwa ukosi wa shati.

"Mwachie, bwana. Utamvunja mkono, halafu apate sababu nyingine ya kutofanya kazi."

Hata mama alicheka, huku machozi yakimtoka. Dada aliokota kisu, akakifuta kwenye khanga yake, akakiweka mbali.

Miaka miwili ilipita hivyo, mlango ukibamizwa, sahani ikivunjika, Injinia akilala mpaka jua la utosi na Koleo akitoka kabla halijachomoza. Mwisho Koleo alipiga moyo konde, akaenda kwa Msimamizi wa yadi kumwombea nafasi.

Msimamizi alikuwa mwanamke wa makamo, mhandisi wa kusomea, mwenye sauti ya kukwaruza kwa sababu ya vumbi la chuma. Alimsaili Injinia wamesimama, katikati ya marundo ya nondo.

"Umesomea nini?"

"Uhandisi wa mitambo."

"Kama mimi. Basi utaanza na helmeti ya njano. Utafunga mizigo chini ya kaka yako mwaka mzima. Ukishajua mzigo unavyokaa na unavyoanguka, ndipo tutazungumza habari za ofisini."

"Mwaka mzima?"

"Mimi nilivaa njano miwili. Hiki kilikuwa na kucha." Alimwonyesha kidole gumba kilichopondeka. "Kama unachotafuta ni kiti, wauza fanicha wako barabara ya pili."

Injinia aliinamisha kichwa akakubali. Msimamizi akamgeukia Koleo. "Unamdhamini?"

"Namdhamini."

"Akiharibu, mnatoka wote wawili."

"Tutatoka wote wawili," Koleo alisema.

Wapakiaji walikuwa wakisikiliza. Mkubwa wao alikuwa jitu moja walilomwita Pua, kwa kuwa pua yake ilivunjwa mara nyingi hata ikakosa upande wa kuelekea. Alimpiga Koleo bega.

"Sheria unaijua. Umemleta wewe, utampiga wewe."

Wakaangua kicheko. Injinia naye alicheka, akidhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Haukuwa utani. Zamani kidogo dereva mmoja wa lori alirudi nyuma bila kuangalia, akamfinya mpakiaji ukutani. Wapakiaji walimshukia kwa vipande vya nondo. Dereva yule hakuwa na ndugu pale, hakuwa na mtu wa kumsemea. Hakufa, lakini mpaka leo analishwa kwa kijiko na mkewe. Baada ya hapo waliogopana wenyewe, wakapanga sheria yao isiyoandikwa popote: mtu akimwaga damu ya mwenzake kwa upuuzi, aliyemleta ndiye atakayempiga, mbele ya wote, na wengine watakunja mikono. Akimpiga kwa kumhurumia, wanamalizia wao.

Koleo alimweleza mdogo wake yote hayo jioni ile wakirudi nyumbani. Alimweleza na habari ya rangi. Yadi ile ilikuwa na makelele ya misumeno na nyundo, ukipiga ukelele hata wewe mwenyewe hujisikii, hivyo kazi yote ilikwenda kwa mikono. Kule juu, ndani ya kibanda cha kioo kilichoshika masizi, alikaa dereva wa winchi, mzee waliyemwita Babu Juu. Babu Juu hakuona sura za watu. Aliona vichwa. Njano ni wafungaji na wapakiaji, bluu ni wachomeleaji, nyeupe ni Msimamizi peke yake. Mfungaji akitoa ishara, winchi ilifuata. Lakini nyeupe ikiinua mkono, ishara nyingine zote zilikufa, na Babu Juu alifuata nyeupe bila kuuliza. Ndivyo walivyookoa watu wengi pale. Kidole kikielekea juu, pandisha. Kikielekea chini, shusha. Kiganja wazi, simama.

"Umenielewa?"

"Kaka, hayo ya vidole hata mtoto anaelewa."

Asubuhi ya kwanza Injinia alitoka chumbani na helmeti nyeupe kichwani. Koleo aliipiga kibao ikaruka mpaka kwenye ndoo ya maji.

"Njano. Utapewa getini."

Mama aliiokota, akaikausha kwa upindo wa gauni lake kama anamkausha mtoto mchanga.  Siku mbili zilizofuata Injinia alirudi nyumbani mikono imechubuka, mabega yamelika, amenuna. Siku ya pili Pua alimpiga mtama makusudi, akaangukia kifua juu ya mabati. Injinia aliinuka akamtandika Pua ngumi ya shavu. Pua alijipapasa shavu, akamshika Injinia kichwa kwa mikono miwili, akamgonga kwa kipaji chake, kisha akamletea maji ya kujisafisha damu. "Huyu atafaa," alimwambia Koleo. Koleo alikenua meno siku nzima.

Usiku wa siku ya tatu mama alikaa kitandani kwa Injinia.

"Shangazi yako ananiuliza kila siku. Anasema, huyo injinia wenu mbona hatumwoni? Nipigie picha moja tu, mwanangu. Moja. Nimfunge mdomo."

Asubuhi aliiviringisha helmeti nyeupe ndani ya taulo, akaisukuma chini kabisa ya mfuko wa Injinia. Koleo aliuona mfuko umetuna. Alidhani ni chakula.

Ilikuwa baada ya chai. Fungu la nondo ndefu lilikuwa limelazwa juu ya magogo, linasubiri kupandishwa kwenye lori. Ndoano ya winchi ilikwisha kushushwa, minyororo imening'inia. Koleo alifunga ncha yake, akakaza, akatikisa. Shemeji upande wa pili alikuwa amechuchumaa, mguu wa kushoto ameuingiza chini ya fungu ili apate nguvu ya kuvuta mnyororo upite. Ni mtindo wa wafungaji wote, na si kosa, maadamu hakuna mkono ulioinuliwa.

"Shem, huu mnyororo umenenepa kuliko dada yako," shemeji alisema kwa midomo, maana sauti haikufika.

Koleo alikuwa anacheka alipoona mnyororo wake mwenyewe unakaza.

Hakuwa ameinua mkono. Aligeuka. Mbali kidogo, juu ya rundo fupi la mabomba, alisimama mdogo wake. Kifua mbele, shati limechomekwa, helmeti nyeupe inang'aa juani kama sahani mpya. Simu ilikuwa imeegeshwa kwenye bomba mbele yake, inahesabu yenyewe. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, kidole kimeelekea kwenye winchi, kama wakubwa wanavyofanya kwenye picha.

Babu Juu alipandisha.

Ncha ya Koleo ikainuka, ncha ya shemeji ikabaki bila kufungwa. Fungu likasimama mshazari, likapumua, kisha nondo zikaanza kuchomoka kutoka kwenye mnyororo, kwanza chache, halafu nyingi. Ziliteremka kwa mlio ambao hata misumeno haikuufunika. Shemeji alijaribu kuuchomoa mguu. Uzito wote ulimkalia chini ya goti.

Koleo alifika akamkuta amelala chali, mdomo wazi, bila sauti. Mguu haukuonekana. Kilichoonekana ni kiatu, kimegeukia upande ambao kiatu hakigeukii, na damu inapita katikati ya nondo kama maji ya mfereji. Mnyororo ulikuwa bado umeshika sehemu ya fungu. Ukipandishwa kidogo, mguu ungetoka. Koleo alielekeza kidole juu, akakizungusha. Winchi haikusogea. Alikizungusha tena mpaka bega likauma. Haikusogea.

Ndipo alipoelewa. Babu Juu alikuwa anasubiri nyeupe. Na nyeupe ilikuwa imesimama pale pale juu ya mabomba, imeganda, sasa kiganja kimefunguka wazi kwa hofu. Kiganja wazi, simama.

Koleo alikimbia. Alipanda rundo kwa mikono na magoti, akaipiga ile helmeti kwa ngumi ikang'oka na ukanda wake, ikatua upande wa pili. Kisha akasimama juu ya mabomba na njano yake, akainua kidole. Winchi ikapandisha. Chini, Pua na wenzake wakamvuta shemeji kwa makwapa. Mguu ulitoka, ila ulikuja kama kitu kilichosahauliwa nyuma, umening'inia kwa ngozi na kipande cha suruali.

Koleo alivua mkanda wake, akamfunga shemeji paja, akakaza kama alivyokaza minyororo miaka yote, mpaka damu ikapunguza mbio. Shemeji alimshika shati.

"Shem. Dada yako asinione hivi."

"Hatakuona hivi."

"Mguu upo?"

"Upo."

"Muongo wewe," shemeji alisema, akajaribu kucheka, macho yakageuka meupe.

Misumeno ilizimwa mmoja mmoja. Yadi ikawa kimya, kimya ambacho Koleo hakuwahi kukisikia mahali pale mchana. Babu Juu alikuwa ameteremka ngazi, anarudia maneno yale yale kwa kila anayepita: "Mimi nimeona nyeupe. Nimeona nyeupe mimi." Msimamizi alikuwa getini, anapiga kelele kwenye simu gari la wagonjwa lije. Wapakiaji walikuwa wamemteremsha Injinia kutoka kwenye mabomba, wamemzunguka. Pua alikuwa ameokota kipande cha nondo chenye urefu wa mkono. Wengine watatu nao walikuwa wameokota vyao.

 Koleo alimwona akilini yule dereva wa lori, mate yanamtoka pembeni ya mdomo, mkewe anampangusa. Akapita katikati yao.

"Sheria," alisema.

Pua alimtazama. Shemeji alikuwa rafiki yake wa siku nyingi kuliko alivyokuwa Koleo. "Sheria," alisema. "Lakini tunaangalia."

Akaishusha nondo, hakuitupa.

Koleo alimsogelea mdogo wake, akamshika ukosi, akamvuta mpaka sikio la mdogo mtu likagusa mdomo wake. "Anguka mapema," alimnong'oneza. "Ukianguka, usiinuke."

Injinia alikuwa kama mlevi. "Kaka, ilikuwa picha tu."

"Picha," Pua alisema nyuma. "Jamani, mmesikia? Picha."

Ngumi ya kwanza Koleo aliipiga kwa hesabu, kwenye shavu, mahali penye nyama. Injinia aliyumba, akaanguka, akainuka. Hakusikia alichoambiwa, au kichwa chake kikubwa hakikukubali. Wapakiaji wakaguna. Mmoja akatema mate. "Anambembeleza," alisema. Pua akabadilisha nondo mkono.

Ngumi ya pili ilikuwa ya kweli. Iliingia mdomoni na Koleo akasikia meno yakisalimu amri. Injinia aliinua mikono kujikinga, akapigwa mbavuni, akainama, akapigwa kisogoni, akapiga magoti.

"Kaka, basi. Mimi ni ndugu yako."

Neno hilo ndilo lililofungua kitu ambacho Koleo hakujua kama kimefungwa. Alimshika nywele, akampiga upande wa sikio. Akampiga tena hapo hapo. Hakuwa anawaona wapakiaji tena. Aliona mabega yake mwenyewe ya utotoni yenye malengelenge, daftari jipya la mdogo wake kila mwanzo wa muhula, bakuli la mboga sakafuni, mbeba vyuma atanifundisha nini. Kila kimoja alikipiga. Kidole chake cha shahada kilivunjika kwenye taya la mdogo wake, alikisikia kikivunjika, na akaendelea kupiga kwa mkono ule ule.

"Inatosha," mtu alisema.

Alipiga.

"Koleo, inatosha. Utaua."

Alikuwa Pua. Alikuwa ametupa nondo, amemkumbatia Koleo kwa nyuma, miguu ya Koleo inapiga hewani. "Inatosha, baba. Amekoma. Sote tumeona. Tulia." Alimshikilia hivyo mpaka mwili ulipolegea, kisha akamketisha chini kwa upole kama anaketisha mgonjwa. Wapakiaji hawakumtazama usoni. Mmoja wao alivua shati lake, akaliweka chini ya kichwa cha Injinia.

Gari la wagonjwa lilichukua watu wawili badala ya mmoja.

Mama alifika hospitalini akiwa amevaa nguo zake za kutokea. Simu aliyopigiwa ilimwambia kuna ajali, haikumwambia ya nani. Kwenye benchi la ukumbini alimkuta Koleo, mkono umevimba kama mkate, damu ya watu wawili imemkaukia shatini. Ndani, kupitia mlango ulioachwa wazi, alimwona Injinia. Alimtambua kwa viatu.

"Nani amemfanya hivi mwanangu?"

"Mimi," Koleo alisema.

Mama alimpiga kofi. Akampiga la pili kwa mkono wa pili. Koleo hakuinua mkono. "Wivu," mama alisema. "Tangu mdogo una wivu naye. Umeona amekuzidi, umeamua kumuua."

Dada yao alikuwa amesimama dirishani, mgongo umewaelekea, tangu madaktari walipompa karatasi atie saini ya kukubali mguu ukatwe. Aligeuka. Mkononi alikuwa na simu ya Injinia, ambayo Pua alikuwa ameiokota pale kwenye mabomba na kuileta pamoja na viatu vya mumewe, vyote viwili.

"Ulitaka picha, mama," alisema. "Imetoka."

Akamfungulia. Ilikuwa picha nzuri. Mwanga ulikaa vizuri usoni, helmeti ilimkaa vizuri kichwani, kidole kilinyooka kama cha mtu mwenye amri. Ukiangalia nyuma ya bega lake ulimwona shemeji amechuchumaa, anacheka, mguu mmoja uko chini ya nondo na mwingine uko nje, mguu na mguu, mzima na mzima.

Mama aliishika simu kwa muda mrefu. Kisha akakaa sakafuni na nguo zake za kutokea. Dada hakumwinua. Alimpokonya simu, akaibamiza ukutani mara tatu mpaka kioo kikamkata kiganja, akaenda kumsubiri mumewe upande mwingine wa ukumbi.

Msimamizi alikuja jioni. Alisimama mbele ya Koleo, helmeti yake nyeupe kwapani.

"Ulisema mtatoka wote wawili."

"Nilisema."

"Ningemfundisha yule," Msimamizi alisema. "Mwaka mmoja tu. Nilikuwa nimeshamwona kuwa anafundishika." Akakaa kidogo kwenye benchi pembeni yake, kisha akaondoka.

Injinia alipopona alirudi kwenye lile duka la mabomba. Walimchukua. Asubuhi anafagia, mchana anahesabu yanayoingia na yanayotoka, na mtu akimwita lazima asimame upande wake wa kulia. Kaka yake humpitia jioni, wakatembea hadi nyumbani bila maneno mengi. Hajamwomba msamaha, wala hajaombwa.

Gharama ilikuwa hii. Mguu wa kushoto wa shemeji, kuanzia chini ya goti. Sikio la kushoto la Injinia, lipo lakini halisikii kitu, na meno yake manne ya mbele. Kidole kimoja cha Koleo, kipo lakini hakikunjiki, na mfungaji asiyekunja kidole hafungi. Kazi ya Koleo. Kazi ya Babu Juu, ambaye hakuruhusiwa kupanda ngazi tena. Binti mmoja, ambaye hapiti tena mlangoni kwa mama yake, na watoto wake wawili, ambao nao hawaleti kwa bibi yao.